Barua ya wazi kwa maaskofu na wachungaji wa Uganda: Mzigo wa talaka umewekwa juu ya aliyeachwa

Kwa Mababa Maaskofu wa Kanisa la Uganda, la Kianglikana, na wa Kanisa Katoliki, kwa viongozi wa Kanisa la Kiorthodoksi, kwa wachungaji wa makanisa ya Kipentekoste na ya Waadventista, na kwa wote wanaoketi katika vikao vinavyoamua nani akaribie meza ya Bwana na nani abaki kwenye benchi la nyuma.

Amani ya Bwana iwe nanyi.

Mimi ni msomaji wa kanisa katika ibada ya Kiswahili mjini Arua. Ibada hiyo huwakusanya Walugbara, Waalur, Wakakwa, ndugu zetu kutoka Kongo na familia za askari wa kambini, kila mmoja na lugha ya nyumbani kwao, nao husali pamoja kwa Kiswahili. Ndoa zao ni za kila namna: nyingine zilifungwa kanisani, nyingine zilikamilishwa kwa mbuzi na ng'ombe kijijini, nyingine zilivunjwa na vita. Nimeketi na wengi wao wanapokuja kuuliza Biblia inasema nini juu ya kuachana na kuoa tena, na nimewapa majibu mliyotufundisha ninyi. Naandika waziwazi kwa sababu majibu hayo, kwa namna yanavyotumika kwetu, yamemtwika mzigo yule aliyeachwa na kumwacha huru yule aliyeacha, nami nasadiki kwamba maneno ya Bwana wetu yalielekea upande mwingine kabisa.

Mnajua inavyokuwa. Mume aliyefunga ndoa kanisani anachukua mke wa pili kimila, anamlipia mahari, anamjengea nyumba, na yule wa kwanza anabaki na watoto na ada za shule. Mume huyo hakuandika talaka yoyote, kwa hiyo katika daftari la kanisa ndoa yake bado ipo, na kwa kuwa ndoa ipo hakuna anayemwita mtalaka. Siku ya harambee ya kuezeka kanisa ataitwa mgeni wa heshima. Mke wa kwanza, baada ya miaka kadhaa ya kuishi bila mume, akipata mtu wa kumsitiri, siku hiyohiyo anaitwa mzinzi, anaondolewa katika umoja wa akina mama, na Ushirika Mtakatifu anausikia kwa masikio tu. Sisemi kwamba kila parokia iko hivyo, maana nawafahamu mapadri na wachungaji wanaolia na watu wao. Lakini nimeliona jambo hili mara nyingi mno kuweza kuliita bahati mbaya.

Andiko linalosomwa kwa mwanamke huyo ni Mathayo 19:6: «Basi aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe.» Neno hilo ni kweli na mimi sina nia ya kulipunguza. Naomba tu lisomwe pamoja na swali lililolizaa. Mafarisayo hawakumwuliza Yesu kama mke aliyepigwa anaweza kukimbia, wala kama aliyetelekezwa anaweza kuolewa. Walimwuliza kama ni halali mtu kumwacha mkewe kwa kila sababu. Huo ulikuwa ubishi wa shule mbili za walimu wa Kiyahudi, uliohifadhiwa katika Mishna, mkusanyo wa zamani wa mafundisho ya marabi. Shule ya Shamai ilisema mume asimwache mkewe isipokuwa ameona kwake jambo la aibu. Shule ya Hileli ilisema anaweza kumwacha hata kwa kuunguza chakula. Na baadaye Rabi Akiva aliongeza kwamba anaweza kumwacha akiona mwingine mzuri kuliko yeye. Wote walikuwa wakilifasiri andiko moja, Kumbukumbu la Torati 24, na wote walikuwa wanaume wakijadili uhuru wa wanaume. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake.

Yesu hakuingia katika ubishi ule kuchagua upande tu. Aliwarudisha kwenye Mwanzo, kabla ya Musa, kisha akasema kwamba Musa aliruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao. Mioyo ya nani? Ya wale waliokuwa na mamlaka ya kuandika hati ya talaka na kumfukuza mtu nyumbani. Hati yenyewe ilikuwepo ili mwanamke aliyefukuzwa asirudishwe na kufukuzwa tena kama mali, na ili aweze kuolewa na mwingine bila mume wa zamani kumdai. Kwa hiyo Bwana alipoufunga mlango ule wa «kila sababu», aliufunga mbele ya mwenye nguvu. Leo sisi tunaufunga nyuma ya mgongo wa mtu aliyekwisha kutupwa nje.

Marko anakwenda mbali zaidi, na hapa naomba mtulie kidogo, kwa sababu sijawahi kusikia mahubiri juu ya jambo hili katika kanisa lolote la kwetu. Katika torati, uzinzi ulipimwa kwa ndoa ya mwanamke: mwanamume aliyelala na mke wa mtu alimkosea yule mume mwenzake. Mwanamume mwenye mke akimchukua mwanamke asiye na mume, hakuhesabiwa kuwa amezini dhidi ya mkewe. Katika Marko 10:11 Yesu anasema kwamba mtu atakayemwacha mkewe na kuoa mwingine anazini, na tena anamkosa huyo mkewe. Kwa maneno hayo, mke naye amekuwa mtu anayeweza kutendewa uzinzi. Wanafunzi walishtuka, Mathayo anaandika kwamba walisema heri mtu asioe kabisa. Mshtuko wao ndio ushahidi kwamba walielewa fundisho lile lilikuwa limemgusa nani.

Hapo ndipo lilipo swali langu la kwanza kwenu. Mume mwenye ndoa ya kanisani aliyeongeza mke kijijini, au mwenye nyumba ndogo mjini inayojulikana na kwaya nzima, je, kwa kipimo cha Marko 10 yeye si mzinzi? Sheria za nchi yetu zinahesabu kuwa ni kosa la jinai mtu aliyefunga ndoa ya mke mmoja kuoa mwingine juu yake. Kanisa nalo linamwita nani kwanza kwenye kikao?

Malaki 2:16 imepata bahati mbaya ya kukatwa katikati. Nusu ya kwanza, kwamba Mungu anachukia kuachana, imeandikwa hata kwenye kanga. Nusu ya pili inazungumza juu ya mtu anayelifunika vazi lake kwa udhalimu, na mistari miwili kabla yake inataja waziwazi ni nani aliyekosa: mwanamume aliyemtenda kwa hiana mke wa ujana wake, huku Bwana akiwa shahidi kati yao. Nabii anawakemea waume walioisaliti ahadi. Kumsomea mke aliyesalitiwa mstari huo kama karipio ni kuyachukua maneno ya shahidi wake na kumshtaki nayo.

Sasa nije kwenye kipigo. Nimeketi na mwanamke mwenye jeraha ambalo halijapona, aliyekwisha kuambiwa na kiongozi wake wa kiroho arudi nyumbani, aombe, afunge, na avumilie kama Kristo alivyouvumilia msalaba. Hakuna kanisa kati ya yale ninayowaandikia ambalo mafundisho yake rasmi yanamlazimisha arudi. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1153, inasema kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa sababu halali ya kutengana naye, na panapokuwa na hatari ya kuchelewa anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Paulo, katika 1 Wakorintho 7:10-11, anapotoa amri ya Bwana kwamba mke asiachane na mumewe, hapohapo anaongeza kwamba ikiwa ameachana naye, basi akae asiolewe au wapatane. Paulo hamwamuru mke arudi usiku uleule. Anakubali kwamba kuna kutengana, na anaweka mipaka yake.

Lipo pia andiko la Kutoka 21:10-11, ambalo husomwa mara chache sana. Linazungumza juu ya mwanamke wa hali ya chini kabisa, kijakazi aliyeolewa, na linaamuru kwamba mume akichukua mwingine asimpunguzie huyu chakula chake, wala nguo zake, wala haki yake ya ndoa. Asipomtimizia hayo matatu, mwanamke atatoka bure, bila kulipa fedha. Bila kulipa fedha! Mababa zangu, ni mara ngapi katika vijiji vyetu mwanamke amerudishwa kwa mume anayempiga kwa sababu tu kaka zake wamekwisha kuwala wale ng'ombe na hawana cha kurudisha? Tarehe 6 Agosti 2015, katika shauri lililofunguliwa na shirika la Mifumi, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Wako waliosema kwamba majaji wameleta mambo ya wazungu. Mimi nilifungua kitabu cha Kutoka nikaona kwamba majaji wamefika mahali ambapo Musa alikuwa amesimama tangu zamani.

Si mara hiyo tu mahakama ilipotutangulia. Sheria ya Talaka tuliyoachiwa na wakoloni mwaka 1904 ilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1857: mume alihitaji kuthibitisha uzinzi peke yake, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na jambo jingine, kama ukatili au kutelekezwa kwa miaka miwili. Uingereza yenyewe iliondoa tofauti hiyo mwaka 1923. Sisi tulikaa nayo mpaka Machi 2004, wanasheria wanawake wa FIDA walipoipeleka mbele ya Mahakama ya Katiba na kushinda. Mwaka 2007 mahakama hiyohiyo ikafuta kifungu cha jinai kilichomwadhibu mke kwa uzinzi ambao mume wake, akiutenda na mwanamke asiyeolewa, hakuadhibiwa. Sidai kwamba mahakama ndiyo inayofasiri Injili. Nasema tu kwamba ile mizani ya aina mbili, ya mume na ya mke, tulikuwa tukiitetea kana kwamba ni ya Biblia, na kumbe ilitoka katika bunge la London. Katika Biblia, Walawi 20:10 inawataja wote wawili, mzinzi mwanamume na mzinzi mwanamke. Na katika Yohana 8 waliomleta yule mwanamke walisema amefumaniwa, bila kueleza yule aliyefumaniwa naye amekwenda wapi.

Najua hofu yenu, kwa sababu nimeisikia tangu Mswada wa Ndoa na Talaka wa 2009 ulipojadiliwa bungeni mwaka 2013. Mlisimama imara mkaupinga, na baadhi ya sababu zenu, hasa kuhusu kuwapa wanaoishi pamoja bila ndoa haki zinazofanana na za wanandoa, niliziunga mkono. Mlisema talaka ikirahisishwa, kila mtu ataikimbilia. Hofu hiyo si ya bure. Lakini kwa wanaume wetu mlango umekuwa wazi siku zote. Wanapita bila hati, bila kikao na bila aibu, kwa sababu mila inawapa nafasi ya kuongeza mke wakati kanisa likitazama upande mwingine. Ukali wetu unawakuta wale tu wanaojaribu kufuata utaratibu.

Wala sisemi kwamba Maandiko yanaruhusu kila kitu. Wapo walimu siku hizi, hasa katika makanisa mapya ya mijini, wanaoivuta ile «isipokuwa» ya Mathayo 19:9 mpaka ikabeba kutoelewana, umaskini na kupoteza hisia. Sikubaliani nao hata kidogo. Marko na Luka wanaleta neno la Yesu bila kuacha nafasi yoyote, na Mathayo anaitaja sababu moja tu, ya uasherati. Mtu aliyevunja ndoa yake ili apate kumwoa aliyekuwa akizini naye, akaja kanisani na cheti cha mahakama akidai ibada ya baraka, nisingependa apewe, na kama mchungaji wake atasema hapana nitasimama naye. Herode Antipa alikuwa na maelezo yake juu ya Herodia, na Yohana Mbatizaji alimwambia mfalme usoni kwamba si halali. Alilipa kwa kichwa chake, lakini angalau alimwambia mwenye nguvu.

Habari ya aliyeachwa ni tofauti. Paulo alipokutana na hali ambayo Bwana hakuitolea neno wakati wa huduma yake, yaani mwamini aliyeachwa na mwenzi asiyeamini, alisema kwa unyofu kwamba hapo anasema yeye, wala si Bwana, kisha akaamua: asiyeamini akiondoka, na aondoke, ndugu mume au ndugu mke hafungiki katika hali hiyo, maana Mungu ametuita katika amani. Makanisa yamegawanyika juu ya upana wa neno hilo. Katoliki inaliweka katika ndoa ya watu wawili ambao hawakubatizwa, mmoja akabatizwa baadaye na mwingine akaondoka. Waprotestanti wa Westminster, katika ungamo lao la imani la mwaka 1647, walilichukua kuwa msingi wa kuhesabu kutelekezwa kwa makusudi pamoja na uzinzi kama sababu za talaka. Waorthodoksi wanaruhusu ndoa ya pili kwa ibada yenye sala za toba. Kwa Waanglikana wenzangu, naomba msome tena azimio la mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia huko Lambeth, London, la mwaka 1888: lilikataza ndoa mpya kwa mwenye hatia wakati asiye na hatia yu hai, lakini juu ya asiye na hatia likakiri kwamba maoni yametofautiana tangu zamani, na likashauri kwamba makasisi wasiagizwe kumnyima sakramenti yule aliyeoa tena kwa idhini ya serikali. Azimio hilo lilitolewa wakati mashahidi wetu wa imani wa Namugongo walikuwa wamekufa miaka miwili tu kabla yake. Inakuwaje Waanglikana wa zama za Malkia Victoria wawe wapole kwa aliyeachwa kuliko baadhi ya parokia zetu leo?

Kaskazini mwa nchi hii jambo hili lina uchungu wake. Vita vya waasi wa Lord's Resistance Army viliwachukua waume na wake ambao hawakurudi mpaka leo, wala hakuna kaburi. Katika kambi za wakimbizi za Bidi Bidi na Rhino Camp wako wanawake wa Sudan Kusini ambao hawajui kama waume zao wako hai. Sheria yetu ya jinai haimhesabii kosa la ndoa mbili mtu ambaye mwenzake ametoweka kwa miaka saba mfululizo bila habari. Kanisa linamwambia nini huyo? Nimewauliza wachungaji kadhaa, na majibu yalitofautiana kutoka mtaa hadi mtaa, hata ndani ya dhehebu moja.

Ndiyo maana siwaombi mkubaliane ninyi kwa ninyi juu ya kila mstari. Baraza la Pamoja la Kikristo limekuwepo tangu 1963 na sidhani litalimaliza suala ambalo mababa wa kanisa hawakulimaliza. Ninachoomba ni kwamba kila kanisa liandike msimamo wake kwa lugha ambazo watu wanazielewa, Kiswahili kikiwamo, na liutumie sawasawa kwa mume na kwa mke. Msimamo huo useme kwamba anayekimbia kipigo hajatenda dhambi na hatazuiwa mezani kwa ajili hiyo, na kwamba hakuna kiongozi atakayemrudisha mtu katika nyumba yenye hatari kabla mpigaji hajaitwa, hajaonywa na, ikibidi, hajapelekwa polisi, kwa kuwa Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010 iko kwa ajili hiyo. Useme pia ni nani atakayehojiwa kwanza ndoa inapovunjika. Vikao vinavyosikiliza mambo haya viwe na wanawake ndani yake, tena wasiwe wake za wachungaji peke yao, maana kuna mambo ambayo mke hawezi kuyasema mbele ya wazee sita wa kiume waliokula mahari pamoja na baba mkwe wake.

Kwa Mababa wa Kanisa Katoliki naongeza neno moja. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha taratibu za kutangaza ubatili wa ndoa, yaani kwamba haikuwa ndoa halali tangu mwanzo: hukumu ya pili ya kuthibitisha haihitajiki tena, askofu anaweza kuamua mwenyewe katika kesi zilizo wazi, na alitaka huduma hiyo itolewe bure kadiri inavyowezekana. Waumini wengi niliozungumza nao hawajawahi kusikia kwamba njia hiyo ipo. Wanadhani ni jambo la matajiri wa Kampala. Dakika kumi za matangazo baada ya misa zingetosha.

Sinodi na mikutano yenu mikuu inakuja kwa zamu zake, na mambo ya ardhi, shule na hospitali hujaza ajenda. Naomba hili liingizwe. Na ikiwa baada ya kusali na kusoma mtaamua kwamba mke aliyetelekezwa akiolewa tena ni lazima abaki bila meza ya Bwana mpaka kifo, basi uamuzi huo uandikwe hivyo, utiwe sahihi na mhuri, usomwe katika kila kanisa Jumapili moja, na Jumapili hiyohiyo yasomwe pia majina ya waume wenye ndoa za kanisani ambao wameongeza wake.

Wenu katika huduma,

Msomaji wa kanisa, ibada ya Kiswahili, Arua